"Umejuaje?" Somo la Pikapu Iliyokwama Katika Gia ya Tatu



Mhariri wa sehemu hii ya Kiswahili ameniomba niandike habari za kazi yangu, nami nimekubali kwa furaha, ingawa kalamu ni nzito mkononi mwangu kuliko spana. Nilipomaliza masomo katika shule yetu nilikwenda Nairobi kujifunza ufundi wa magari katika barabara ya Kirinyaga, ile iliyoitwa Grogan hapo zamani, ambako gereji na maduka ya vipuri yamepangana pande zote mbili. Huko kazi ilifanywa kwa Kiswahili, na ndiyo maana hata leo, nikiwa nimekwisha rudi kwetu Uganda, mambo ya ufundi hunijia kichwani kwa lugha hiyo. Sasa nina gereji ndogo hapa Lubaga, kwenye mteremko wa kilima, chini ya kanisa kuu la Mtakatifu Maria lililotabarukiwa mwaka 1925.

Nataka kuwaeleza jinsi ya kutafuta ugonjwa katika giaboksi ya otomatiki ya pikapu ya dizeli, wakati gari lenyewe linapotoa namba ya hitilafu. Lakini yafaa niseme kweli tangu mwanzo. Somo hili sikulipata kitabuni. Nilifundishwa na mwenye gari, kwa swali la neno moja, tena baada ya kukosea.

SIKU YA MWALIMU

Ulikuwa mwezi wa Aprili. Usiku mzima mvua ilikuwa imenyesha, na wenyeji wa Kampala wanajua maana yake: maji hushuka kutoka vilimani, hujaza mfereji wa Nalukolongo, na barabara ya Nateete ikawa kama mto. Siku ya pili yake, asubuhi, akaja kwangu mzee mmoja, mwalimu mstaafu aliyefundisha sayansi kwa miaka mingi. Ana pikapu ya dizeli, ya otomatiki, yenye gia tano, iliyoingia nchini ikiwa imekwisha tumika kwingine, kama yalivyo magari mengi ya kwetu. Kwa pikapu hiyo huchukua matoke kutoka Mpigi mpaka soko la Nateete, na fedha ya safari hizo ndiyo inayolipa karo ya wajukuu wake watatu. Tuliongea Kiganda, nami nayaleta maneno yake kwa Kiswahili.

"Kijana wangu," akaniambia, "gari limekuwa zito kama ng'ombe mgonjwa. Likiondoka halina nguvu, na likishika mwendo injini inalia tu, gia haibadiliki. Tena taa ya injini imewaka."

Nikachukua skana yangu ndogo, nikaichomeka katika tundu lake chini ya usukani, na baada ya kitambo kidogo ikaandika: P0700. Basi mimi, bila kufungua boneti, bila kulala chini ya gari, nikasema, "Mwalimu, giaboksi imekufa. Iliyotumika inapatikana. Pamoja na kazi yangu ni shilingi milioni nne na nusu."

Mzee akanyamaza. Sasa najua alikuwa akihesabu karo. Kisha akanitazama kama alivyowatazama wanafunzi wake, akauliza, "Umejuaje?"

"Skana imesema, Mwalimu."

"Imesema nini hasa? Imesema giaboksi imekufa?"

Nikaangalia tena kioo cha skana. Hakikusema hivyo. Kilisema kwamba pana hitilafu katika mfumo unaoongoza giaboksi. Hayo mengine niliyatia mimi.

"Vema," akasema, akaketi juu ya tairi kuukuu. "Kazi yako nitailipa. Lakini kwanza nionyeshe ushahidi. Afadhali nikae hapa siku mbili kuliko kununua kitu nisichokihitaji."

Niliona haya mbele ya vijana wangu wa gereji. Lakini sikuwa na jibu, na mtu asiye na jibu hana budi kwenda kulitafuta.

GIABOKSI YA OTOMATIKI HUFANYAJE KAZI

Ili mweze kufuata tulivyotafuta, yawapasa kwanza kujua mtambo wenyewe.

Katika gari la gia za mkono, dereva hukanyaga klachi ili kuitenga injini na giaboksi. Katika gari la otomatiki hakuna kanyagio hilo. Kati ya injini na giaboksi pana chombo kiitwacho konveta, kilichojaa oili. Ndani yake mna feni mbili zinazotazamana. Ya kwanza huzungushwa na injini, nayo huirusha oili kwa nguvu juu ya feni ya pili, mpaka hiyo nayo ikazunguka. Hiyo ya pili huitwa turbaini. Chukua feni mbili za mezani, ziweke uso kwa uso, uwashe moja. Utaona ile nyingine inaanza kuzunguka kwa upepo tu. Konveta ni hivyo hivyo, ila badala ya upepo pana oili. Aliyebuni jambo hili ni Hermann Föttinger, Mjerumani, mwaka 1905, na shabaha yake ilikuwa meli, wala si motokaa. Katika motokaa, kampuni ya General Motors ya Marekani ilitoa giaboksi ya otomatiki iitwayo Hydra-Matic mwaka 1939, nayo ilitumia feni mbili za oili za namna hiyo.

Nyuma ya konveta zimo gia zenyewe. Zimepangwa kama jua na sayari zake: gia moja katikati, nyingine ndogo zikiizunguka, na pete yenye meno ya ndani imezikumbatia zote. Gia hubadilika kwa kuishika au kuiachia mojawapo ya sehemu hizo, na mikono ya kushikia ni diski za klachi zinazobanwa kwa nguvu ya oili. Milango ya oili hufunguliwa na solenoidi, yaani sumaku ndogo za umeme, na solenoidi hupokea amri kutoka kwa kompyuta ya giaboksi.

Je, kompyuta hujuaje kama amri yake imetekelezwa? Ina mashahidi wawili, viitwavyo sensa (si ile sensa ya kuhesabu watu). Mmoja huhesabu mizunguko ya turbaini, yaani mwendo unaoingia katika gia. Mwingine huhesabu mizunguko ya shafti inayotoka kwenda magurudumuni. Kompyuta hugawanya namba ya kwanza kwa namba ya pili. Katika pikapu hii gia ya tatu ina uwiano wa 1.4. Turbaini ikizunguka mara 2,100 kwa dakika, shafti yapasa izunguke mara 1,500, maana 2,100 ukigawanya kwa 1,500 ni 1.4. Jibu likiwa kubwa kuliko hilo, kompyuta hujua kwamba diski zinateleza. Na shahidi mmoja akinyamaza kabisa, kompyuta haiwezi kugawanya. Hapo hufanya kama nahodha aliyepotewa na dira: huacha kubadili gia, hushika gia moja tu, huwasha taa, ili gari lifike nyumbani polepole bila kuharibika zaidi. Ndiyo maana pikapu ya Mwalimu ilikwama katika gia ya tatu. Ule uzito haukuwa kifo. Ulikuwa ni tahadhari.

NAMBA YA HITILAFU HUSOMWAJE

Namba hizi zilipangwa na chama cha wahandisi wa magari cha Marekani, na nchini humo magari madogo yote mapya yalilazimishwa kuwa nazo kuanzia modeli za mwaka 1996. Ulaya ikafuata, magari ya petroli kuanzia mwaka 2001, na ya dizeli miaka michache baadaye. Namba ina herufi moja na tarakimu nne, na kila moja ina maana yake.

Herufi P ni injini na giaboksi. B ni bodi, C ni chesesi, kama breki na usukani, na U ni mazungumzo kati ya kompyuta na kompyuta. Tarakimu ya kwanza ikiwa 0, maana ya namba ni moja kwa magari ya watengenezaji wote. Ikiwa 1, ni ya mtengenezaji huyo peke yake, na yakubidi kutafuta kitabu chake. Tarakimu ya pili yaonyesha sehemu: 7 ni giaboksi. Mbili za mwisho zataja hitilafu yenyewe.

Sasa itazameni P0700. Namba hii hukaa katika kompyuta ya injini, wala si katika kompyuta ya giaboksi. Maana yake ni kama mtoto aliyetumwa na jirani: "Mwenzangu wa giaboksi ana shida, nenda kamwulize." Haitaji shida yenyewe. Skana yangu ndogo iliweza kuongea na kompyuta ya injini tu, kwa hiyo ikamwona tarishi, haikumwona aliyemtuma. Nami nikamhukumu mgonjwa kwa kumtazama tarishi!

HATUA TULIZOFUATA

Kwanza, kuuliza. Nilimwuliza Mwalimu jambo ambalo nilipaswa kumwuliza tangu alipofika: shida ilianza lini, na kabla yake kulitokea nini? Akasema, "Jana usiku nilipita katika maji pale Nateete. Yalifika juu ya ngazi ya mlango. Asubuhi hii ndipo taa ikawaka." Neno hili lilikuwa na thamani kuliko skana, na nilikuwa karibu kulikosa. Kuuliza si ujinga, wahenga walisema, nami naongeza kwamba kwa fundi kutouliza ni hasara.

Pili, kupima betri. Kompyuta isiyopata umeme wa kutosha huona mambo yasiyokuwapo. Betri nzima iliyopumzika huonyesha volti 12.6 hivi, na injini ikiwaka yapasa kuona kati ya volti 13.5 na 14.5. Sisi tuliona 12.5, na injini ilipowaka 14.1. Betri haikuwa na kosa.

Tatu, kutazama oili ya giaboksi. Hapa kuna kanuni: katika magari mengi yenye kijiti cha kupimia, gari lisimame mahali palipo sawa, oili iwe imepata moto, injini iwe inanguruma, na mkono wa gia uwe kwenye P. Gereji yangu iko mteremkoni, kwa hiyo ilitupasa kwenda mahali palipo sawa upande wa Kabuusu. Kijana mmoja akataka kulivuta gari kwa kamba. Nikamkataza. Pampu ya oili huzungushwa na injini. Injini ikizimwa na magurudumu ya nyuma yakizunguka barabarani, gia huzunguka bila oili, na giaboksi nzima huharibika kwa kuvutwa tu. Tukaliendesha polepole kwa nguvu yake lenyewe.

Oili mpya huwa nyekundu mara nyingi. Ikiwa nyeusi na yanuka kuungua, diski zimeungua. Ikiwa kama maziwa yaliyochanganywa na rangi nyekundu, maji yameingia, na hapo usiendelee kuendesha. Tulichomoa kijiti na kukipangusa juu ya kitambaa cheupe. Oili ilikuwa nyekundu, imefifia kidogo kwa umri, haina harufu ya kuungua wala weupe wa maji. Mwalimu akakinusa kitambaa, akakikunja, akakitia mfukoni. "Huyu ni shahidi wangu wa kwanza," akasema.

Nne, kumwuliza aliyemtuma tarishi. Niliazima kwa rafiki skana kubwa iwezayo kuongea na kompyuta ya giaboksi. Ikaandika P0715: njia ya umeme ya sensa ya turbaini. Nikaiandika namba hiyo daftarini, pamoja na hali ya gari wakati hitilafu ilipotokea, maana skana huhifadhi hayo pia. Msifute namba kabla ya kuandika. Mafundi wengi hufuta kwanza na kuanza kutafuta baadaye, kama askari achomaye barua kabla ya kuisoma.

Angalieni tena maneno ya P0715. Yasema "njia ya umeme ya sensa". Hayasemi "sensa imekufa". Njia hiyo ni sensa, nyaya, plagi na kompyuta yenyewe. Kama ningalisoma kwa haraka ningalinunua sensa mpya, nikakosea mara ya pili siku ile ile.

Tano, kutazama namba zikitembea. Skana huonyesha mwendo wa turbaini na wa shafti gari likiwa linakwenda. Tuliendesha kama kilomita 20 kwa saa. Shafti ilionyesha mizunguko 600 kwa dakika. Turbaini ilionyesha 0. Mwalimu alikuwa ameketi kando yangu, akasema, "Simama. Tufanye hesabu."

Hesabu ni hii, na nawaomba mwifuate polepole. Gari limo katika gia ya tatu, na uwiano ni 1.4. Shafti yazunguka mara 600. Basi turbaini haina budi kuzunguka mara 600 zidisha kwa 1.4, yaani mara 840. Haiwezekani izunguke mara 0, maana kama imesimama, ni nani anayelisukuma gari? Kwa hiyo turbaini inazunguka, na 0 si kweli. Shahidi hajaona kifo; shahidi amenyamaza tu. Hapo hapo, kwa kuzidisha kunakofanywa na mtoto wa darasa la sita, giaboksi ya shilingi milioni nne na nusu ikafufuka.

Sita, kumpima shahidi. Sensa ya gari hili ni ya nyaya mbili. Ndani yake mna sumaku na koili ya waya, na meno ya chuma yakipita mbele yake umeme mdogo huzaliwa. Hii ni ile kanuni mliyofundishwa katika fizikia, aliyoigundua Michael Faraday mwaka 1831. Mimi nilipoisoma darasani niliona ni ya mtihani tu! Tulizima gari, tukachomoa plagi ya sensa, tukapima kwa mita ya umeme. Kitabu cha gari kilitaka omu 560 hadi 680. Tuliona 610. Sensa ilikuwa nzima. Lakini mkumbuke kwamba ziko sensa za namna nyingine, za nyaya tatu, ambazo hazipimwi hivi. Kitabu cha gari husika ndicho kisemacho.

Saba, kufuata njia. Tuliichomeka tena sensa, tukatoa waya hasi wa betri, tukachomoa plagi ya kompyuta, tukapima sensa ile ile kutokea huku mwisho wa nyaya. Safari hii mita haikuonyesha njia hata kidogo. Basi sensa ni nzima ikipimwa karibu, nayo haionekani ikipimwa kwa mbali. Ugonjwa hauna mahali pengine isipokuwa katikati. Na katikati, juu ya giaboksi, mahali pasipoonekana ila kwa kioo na tochi, palikuwa na plagi nyingine inayounganisha nyaya.

Tuliifungua. Tope la Nateete lilikuwa limeingia ndani. Kipete cha mpira cha kuzuia maji kilikuwa kimepasuka zamani, kwa hiyo maji ya usiku ule hayakuwa ya kwanza. Yalimaliza kazi iliyoanzwa na mvua nyingine. Pini moja ilikuwa imeota kutu ya kijani, na nilipoigusa kwa ncha ya bisibisi ikavunjika kama kijiti cha kiberiti.

Mwalimu alikuwa amepiga magoti kando yangu, suruali yake safi katika vumbi. Nikampa tochi aone mwenyewe. Akatazama kwa kitambo kirefu, kisha akasema, "Sasa umejua."

Tulisafisha plagi, tukatia pini mpya, tukailehemu kwa risasi, tukaweka kipete kipya na grisi ya kuzuia maji. Tulipopima kila waya kutoka mwisho mpaka mwisho tuliona chini ya omu 1, na sensa ikaonekana tena kutokea kwenye kompyuta: 610. Gharama yote, pamoja na kazi, haikufika shilingi laki mbili.

Nane, kuthibitisha. Fundi asiyethibitisha ni kama mwanafunzi asiyesahihisha hesabu yake. Tulifuta namba, tukateremka Nateete, tukashika barabara ya Masaka mpaka Busega na kurudi. Gia zilipanda moja mpaka tano na kushuka vizuri. Nilimwomba Mwalimu arudi baada ya siku tatu. Alirudi na matoke nyuma ya gari. Tukachomeka skana, na namba haikuwapo.

GIABOKSI YA MTU WA NDEEBA

Ningaliweza kumaliza hapa, nanyi mkanisifu. Lakini liko jambo jingine, na hilo ndilo lililonifanya nikubali kuandika.

Mwaka mmoja kabla ya Mwalimu, alikuja kwangu mfanyabiashara wa mbao wa Ndeeba mwenye pikapu ya namna ile ile. Skana iliandika P0700. Nilimwambia giaboksi imekufa, naye hakuuliza swali. Alileta fedha, nikaondoa giaboksi yake nikatia nyingine iliyotumika, na gari likapona. Nami kwa muda wa mwaka mzima niliamini kwamba niliiponya kwa haki, maana si lilipona?

Usiku ule baada ya Mwalimu kuondoka sikupata usingizi. Nilikuwa nikiwaza: unapobadili giaboksi hufanya nini kwanza? Huchomoa plagi zote. Halafu huzisafisha, huzirudisha na kuzibana vizuri. Je, kama kilichoponya gari lile hakikuwa giaboksi mpya, ila ni kule kusafisha plagi?

Giaboksi yake ya kwanza ilikuwa bado katika stoo yangu, chini ya magunia. Asubuhi niliifungua. Chini ya bakuli la oili hapakuwa na vipande vya chuma. Diski za klachi hazikuwa zimeungua. Unene wao ulikuwa mzuri, rangi yao nzuri. Ilikuwa giaboksi nzima, iliyohukumiwa bila kesi.

Nilikwenda Ndeeba, nikamkuta kati ya mbao zake, nikamweleza yote. Alikaa kimya, kisha akaniambia, "Fundi, fedha ile ilikuwa ya mabati ya nyumba ya mama yangu." Sikuwa na la kujibu. Sikuwa na fedha yote ya kumrudishia kwa mara moja. Tulipatana kwamba nitamlipa kidogo kidogo, na kazi yote ya gari lake nitaifanya bure mpaka deni liishe. Bado ninalipa. Kila nikiliona gari lile linaingia gereji namkumbuka Mwalimu, nikijiuliza ni watu wangapi wengine ambao hawakuniuliza "Umejuaje?"

Msidhani nasema kwamba giaboksi hazifi. Zinakufa. Ukiona oili nyeusi yenye harufu ya kuungua, vipande vya chuma katika bakuli, na namba kama P0731 mpaka P0735, zinazosema kwamba uwiano wa gia ya kwanza mpaka ya tano si sahihi, na gari linateleza kweli barabarani, basi fungua giaboksi bila kuogopa. Lakini hapo utakuwa na mashahidi wanne wanaokubaliana, wala si mmoja aliyetumwa tu.

Ninyi mnaosoma sasa, huenda wengi wenu hamtashika spana. Mmoja atakuwa mganga, mwingine hakimu, mwingine mwalimu. Kila mmoja ataletewa karatasi yenye namba, naye ataona tamaa ya kutoa hukumu upesi, hasa kama aliye mbele yake ni mtu mnyonge asiyeweza kuuliza. Siku hiyo jiulizeni wenyewe lile swali, kwa niaba yake.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kwa nini P0700 haitoshi kumwambia fundi sehemu iliyoharibika?
2. Gari limo katika gia ya tatu, uwiano 1.4, na shafti yazunguka mara 900 kwa dakika. Turbaini yapasa kuzunguka mara ngapi? Sensa ikionyesha 0 na gari linakwenda, utasema nini?
3. Sensa ina omu 610 ikipimwa karibu, na haina njia ikipimwa kutoka kwenye kompyuta. Ugonjwa uko wapi?
4. Kwa nini si vema kulivuta gari la otomatiki hali magurudumu yanayosukuma gari yanazunguka barabarani na injini imezimwa?
5. Gari la mtu wa Ndeeba lilipona baada ya kubadiliwa giaboksi. Kwa nini kupona huko hakukuthibitisha kwamba giaboksi ndiyo iliyokuwa mbovu?